Kichochoro cha Nyalenda: shajara ya mtaro na njia ya miguu

Januari 11

Mradi ni huu: njia ya miguu yenye urefu wa mita 130, kutoka ukingoni mwa Ring Road hadi mtaro mkubwa unaomwaga Mto Auji, hapa Nyalenda, Kisumu. Wanaoipita ni wanafunzi, wauza maji na mikokoteni yao, akina mama wanaorudi na omena, dagaa wa ziwani, kutoka ufuko wa Dunga, bodaboda ambao hawastahili kuwa humu, na maji ya mvua. Maji ndiyo yenye njia hasa. Kuanzia Machi hadi Mei hupita kwanza, sisi tukayasubiri milangoni.

Kikundi chetu kina wapangaji na wenye ploti wa pande zote mbili. Pesa ni mchango wa kila mwezi, mawe tumeahidiwa na jirani mwenye lori, na ruhusa ya kuchimba tunayo kwa maandishi. Mimi ni katibu. Naandika kwa sababu wenzetu wa Manyatta na Obunga wameuliza tunafanyaje, na kusimulia kwa simu kunamaliza salio.

Mkutano wa leo ulianza na rangi ya kabro, yale matofali ya zege ya kutandika njia. Nyekundu au kijivu? Nimeona kila mradi wa njia huanzia hapo. Mkutano wa Africities, ule wa miji ya Afrika, wa Mei 2022 ulipokaribia, katikati ya mji palipata njia nzuri za miguu, na tangu hapo kila mtaa unataka kufanana na Oginga Odinga Street. Sina ugomvi na kabro. Ila nusu saa ya rangi ilikuwa imepita kabla fundi wetu, mzee wa maneno machache, hajauliza: "Na haya maji yakitoka hapa yanaenda wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu kamili. Wengine walisema Auji, wengine wakasema kwa jirani wa chini, na wa chini alikuwepo, akakubali kwa sauti kubwa kwamba ni kwake. Basi tumeamua kazi itaanzia chini kabisa, kwenye mdomo wa mtaro, ipande kuelekea Ring Road. Hakuna kabro itakayonunuliwa kabla maji hayajapata pa kutokea. Vijana hawakufurahi, maana picha nzuri zinapigwa juu, stejini.

Januari 18

Tumepima mteremko. Hatuna vyombo vya maana, lakini fundi ana mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 20. Unaujaza maji, unatoa mapovu yote (hapa ndipo watu hukosa subira), mmoja anashika ncha hii, mwingine ile. Maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja hata kama ukuta umepita katikati. Unapima toka maji hadi chini kila upande, tofauti ndiyo mteremko.

Toka juu hadi chini ardhi inashuka mita 1.1, yaani chini kidogo ya sentimita moja kwa kila mita. Si mteremko wa kujivunia, lakini mtaro ukichongwa vizuri unatosha. Shida ni tumbo lililoko katikati, karibu na mfereji wa maji, yaani bomba la kuchotea, ambapo ardhi imezama. Hapo ndipo maji hulala hadi yaote ukijani.

Jambo la pili lilinishtua zaidi. Vizingiti vya nyumba kadhaa viko chini kuliko njia yenyewe. Sababu yake sote tunaijua, tulikuwa hatujaitamka tu: kila msimu wa mvua mtu humwaga kifusi au maramu, udongo wa changarawe, mbele ya mlango wake ili apite pakavu. Njia imepanda miaka nenda miaka rudi, nyumba zikabaki shimoni. Hata barabara kubwa hutengenezwa hivyohivyo. Zinainuliwa, zinapendeza, kisha mvua ya kwanza inaingia chumbani kwa mtu ambaye hakuwahi kufurika.

Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza: uso wa njia ukikamilika uwe chini ya kizingiti kilicho chini kuliko vyote, kwa sentimita 15 au zaidi. Maana yake tutachimba na kuzoa, hatutajaza. Mwenye lori aliuliza kama bado tunayataka mawe yake. Tunayataka, ya mtaro.

Januari 25

Suala la ardhi. Linanikalia rohoni kuliko simiti, kwa hiyo nalieleza kwa urefu.

Mtu wa nje akiona vichochoro vyetu hudhani tumejenga barabarani. Sivyo. Mpaka wa manispaa ulipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, uliyameza mashamba ya watu. Nyalenda, Manyatta na mitaa mingine iliyouzunguka mji ilikuwa makao ya familia, na ardhi ikabaki yao kwa hati. Baadaye kila familia ilijenga vyumba vya kupangisha ilivyoweza, ikauza kipande hapa na pale. Njia ni ile nafasi iliyosalia kati ya ua na ua. Hakuna serikali iliyoikata, na sehemu nyingine huioni kwenye ramani yoyote. Anayetaka kupanua njia hapa hawezi kuja na tingatinga na barua. Atazungumza.

Mahali pembamba kuliko pote pana mita 1.4, kwenye ua wa ojuok wa mzee mmoja aliyezaliwa papo hapo. Ojuok wanaujua wote wa huku: mnyaa wenye matawi kama penseli na utomvu mweupe unaochoma macho. Mtoto akisukumwa na mkokoteni anaangukia humo.

Badala ya kubishana kuhusu vipimo, tulifunga kamba mbili kati ya nguzo, tukawapitisha watu. Mkokoteni wa mitungi ya maji kwanza. Kisha mama mwenye beseni la omena kichwani, mzee wa mkongojo, kijana mwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya watu wenye ulemavu, na wale wahudumu wanaozoa vyoo vya shimo na kusukuma mapipa hadi barabarani, kwa kuwa gari la kufyonza haliwezi kuingia. Kwenye mita 1.2 mkokoteni ulipita, lakini wengine wote walirudi nyuma kinyumenyume. Kwenye 1.5 mama alipishana nao kwa kugeuza bega. Kwenye 1.8 hakuna aliyesimama.

Tukaamua 1.5 iwe ndogo kuliko zote, na kila baada ya hatua kadhaa pawe na pa kupishania pa 1.8. Watu walibishana kuhusu namba kwa mwezi mzima, kamba ikawanyamazisha asubuhi moja.

Kwa mzee tulikwenda wachache, pamoja na mzee wa mtaa. Tukakaribishwa uji.

"Mzee, hatuji kuchukua boma. Tunaomba hatua moja."

"Hatua ya nani? Ya mtoto au ya askari?"

Ilikuwa ya mtoto kwa kweli, sentimita arobaini hivi, na kona yake izungushwe isikatwe mraba. Alitaka mambo matatu: ua mpya tumjengee sisi, maji ya bafu za wapangaji wake yaunganishwe kwenye mtaro, na iandikwe kwamba ametoa nafasi ya kupita, hajatoa ardhi. Hilo la tatu ndilo alilolirudia. Tumeliandika, mzee wa mtaa ametia sahihi, nakala anayo yeye, nyingine ninayo mimi. Anayedhani haya ni madogo hajawahi kuona njia ikizibwa na mrithi.

Februari 8

Hesabu ya maji. Ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya bati ni lita moja. Tumepima mapaa yanayomwaga kichochoroni kwetu, ni kama mita mraba 2,500. Mvua ya jioni ya milimita 40, ambayo Kisumu si ajabu, inaleta lita 100,000. Ikinyesha kwa saa moja ni lita 28 hivi kwa sekunde, na kwa kuwa mvua zetu za ngurumo hupiga kwa nguvu zote dakika chache, tuchukulie mara tatu yake. Maji ya Ring Road yenyewe yana mtaro wake, hayatuhusu.

Kwa mteremko wetu, mtaro laini wa sentimita 30 kwa 30 ungeyabeba hayo yote ukiwa msafi. Ndiyo sababu wengine waliuliza kwa nini tupoteze mawe kwa wa 40. Jibu ni beleshi. Beleshi la kawaida haligeuki ndani ya sentimita 30, na mtaro usioingia beleshi hausafishwi, ukijaa tope nusu hesabu yote imekufa. Upana tumeuchagua kwa kipimo cha chombo cha kusafishia, na kina vivyo hivyo: usiwe mrefu wa kumlazimu mtu alale kifudifudi.

Jirani mmoja alisema tuweke matangi tu kwenye kila paa, mafuriko yataisha. Wazo lina wafuasi wengi. Ploti ya vyumba kumi ina bati la mita mraba 120 hivi. Milimita 40 ni lita 4,800. Tangi la lita 1,000 linajaa kabla mvua haijafika milimita tisa, na zilizobaki zinakuja mtaroni kama kawaida. Tangi ni jambo jema la kufulia na kuoshea, linampunguzia mama mitungi ya kununua. Kwa mafuriko, halisaidii kitu ila likiwa kubwa kuliko nyumba za wengi wetu.

Februari 22

Tumeanza kuchimba, kutoka chini. Udongo ni ule mweusi wa pamba. Wakati wa kiangazi hupasuka hadi mkono unaingia, ukilowa huvimba na kuinua chochote kilicho juu yake. Ndiyo maana sakafu nyingi mtaani zina mwanya katikati. Chini ya njia tunautoa kwa kina cha sentimita 30, tunaweka maramu kwa tabaka mbili, kila tabaka linanyunyiziwa maji na kushindiliwa. Mwenzetu mmoja wa Nakuru ameomba vipimo vyetu avitumie kwao. Nimempa, na tahadhari juu: udongo wake ni wa majivu ya volkano, unakunywa maji haraka, na mvua kubwa imewahi kufungua nyufa za kutisha ardhini. Yeye aogope maji yanayozama. Sisi yetu hayataki kuzama.

Kilichotuchelewesha ni mipira ya maji. Nyalenda, KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, huuza maji kwa jumla kwa waendeshaji wa mtaa, mfumo uliopo tangu miaka ya 2000, na hao ndio wanaosambaza, kusoma mita na kukusanya pesa. Mfumo wenyewe naupenda, maana ukipata tatizo unajua mlango wa kugonga. Lakini mipira inayotoka kwenye masanduku ya mita kwenda kila ploti imepita popote ilipoona mwanya, na mingi imekatiza mtaro hewani. Kila mpira unashika kitambaa, kitambaa kinashika nepi, nepi inashika chupa, na hapo una bwawa.

Siku ya pili jembe lilikata mpira mmoja, ploti mbili zikakosa maji hadi jioni, na tukaambiwa yote ya kuambiwa. Fundi wa bomba wa mwendeshaji alikuja, akaunga, kisha akakaa nasi. Tumekubaliana mipira yote ivuke mahali pawili tu, ndani ya bomba pana lililolazwa chini ya sakafu ya mtaro. Ukitaka kuongeza mpira wako kesho, unaupitisha humo bila kuvunja kitu. Bomba limenunuliwa na mwendeshaji mwenyewe, naye anasema limemwokolea maji yaliyokuwa yakivuja. Sijui kiasi gani, lakini amekuwa rafiki.

Machi 8

Mifuniko ya mtaro. Naomba wanaoiga mradi huu wasome hapa polepole.

Mifuniko unayoiona sehemu nyingi ni ya mita moja kwa sentimita 60, unene sentimita 10. Zege lina uzito wa kilo 2,400 kwa mita ujazo, kwa hiyo mfuniko mmoja ni kilo 144. Nani atauinua Jumamosi kusafisha? Hakuna. Unawekwa siku ya uzinduzi na haufunguliwi tena mpaka uvunjwe. Wetu ni sentimita 60 kwa 45, unene 7.5, kilo 48 na kitu. Watu wawili wanainua bila kuita mwanamume wa nje. Tulijaribu: mama wa mandazi na binti anayeuza salio la simu waliuinua, wakauweka kando, wakaurudisha, wakacheka wanaume waliokuwa wamesimama kutazama.

Mchanganyiko ni simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, nondo za milimita 8 chini, si katikati, kwa kuwa chini ndiko zege linakovutwa likikanyagwa. Kila mfuniko una matundu mawili ambamo ndoano ya nondo inaingia kuuinua. Baada ya kumwaga tunafunika magunia mabichi na kuyanywesha maji kwa wiki nzima. Mlinzi wa ploti ya kona amejitwika kazi hiyo na anaifanya kwa ukali wa mwalimu wa zamu.

Tulibishana kama mtaro wote ufunikwe. Ukifunikwa wote unapendeza, na takataka hujificha mpaka siku ya mafuriko. Ukiachwa wazi wote, mtoto anaingia. Mimi nilikuwa upande wa kuacha wazi, ukiona uchafu unasema. Tulichokubali: mifuniko iwe mbele ya milango, kwenye kona, kwenye mavuko na mbele ya darasa la chekechea lote. Kwingine wazi, na ukingo wa mawe ulioinuka kidogo ili gurudumu lisitumbukie.

Na jambo ambalo kila mtu hulijua ila hasemi mkutanoni. Maji ya ardhini huku yako karibu, kwa hiyo vyoo vingi vya shimo vimejengwa juu, unapanda ngazi. Usiku wa mvua kubwa kuna wenye ploti wanaovifungulia mtaroni. Maji yale yanakwenda Auji, kisha kinamasi cha Dunga, kisha ziwani tunakochota. Kipindupindu si hadithi Kisumu. Mkutano umepitisha: maji ya bafu na ya kufulia ruksa, bomba la choo marufuku, na ploti itakayokutwa nalo itakatwa muunganisho wake wote. Mzee wa mtaa alisimama kuliunga mkono, na wenye ploti wawili wakaangalia chini.

Machi 22

Mvua imetukuta tukiwa nusu. Ilitoka upande wa ziwa jioni, kama kawaida yake, na ilikuja na upepo.

Nusu ya chini ilikuwa tayari, na maji yaliteremka kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona humu. Pale kwenye tumbo, ambapo jirani yangu huweka matofali matatu ya kukanyagia kila Machi, palibaki tope la kawaida tu. Kwa jirani wa chini kabisa, yule aliyelalamika Januari, hayakuingia.

Kisha chujio la mwisho, zile nondo za kuzuia takataka kabla ya mtaro mkubwa, likaziba. Nepi, chupa, ganda la nazi, na kiatu kimoja cha shule ambacho mwenyewe alijulikana mara moja. Maji yakapanda hadi ukingoni. Vijana wawili waliingia na reki wakafungua, na haikupita muda. Lakini usiku wa manane nani ataingia? Nondo za chujio zilikuwa wima. Fundi amezilaza, sasa zimeegemea kuelekea maji yanakokwenda, ili takataka zisukumwe na kupanda juu huku maji yakipita chini yake. Mvua ya juzi ilithibitisha: rundo lilikuwa juu, limekauka nusu, likisubiri kuzolewa.

Kuhusu nepi nina maneno. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kweli mitaro yetu ilipumua. Nepi ndiyo imechukua nafasi yake. Haiozi, hainunuliwi na wakusanya chuma na chupa, na mama anayelea kwenye chumba kimoja hana pa kuiweka. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka kila mtu atenganishe taka nyumbani. Sawa, lakini tenganisha uweke wapi? Tumekubaliana na vijana wanaozoa taka kwa mkokoteni wapite mara mbili kwa wiki badala ya moja, na njia ikiwa pana wanakubali bei ileile.

Aprili 5

Kabro, hatimaye. Rangi ya kijivu, kwa sababu ya bei.

Kwa nini kabro na si zege? Kwa sababu ya mipira ya maji. Siku bomba litakapopasuka, kabro zinainuliwa, bomba linaungwa, kabro zinarudi. Zege linavunjwa kwa nyundo na halirudi, kinabaki kidonda. Kwa miguu na mikokoteni, unene wa milimita 60 unatosha, juu ya mchanga wa sentimita tatu hadi tano. La msingi ni ukingo wa zege pande zote mbili, maana kabro zisizozuiliwa huanza kutembea. Uso unainama sentimita mbili kwa kila mita kuelekea mtaroni.

Kwenye kona palikuwa na ngazi ya sentimita 20. Tumeiondoa tukaweka mteremko wa moja kwa kumi na mbili, mita 2.4. Kijana wa magurudumu matatu alipanda mwenyewe, akashuka, akapanda tena. Alisema ni sawa ila kona ya chini imebana kugeuza. Tumeipanua kwa kabro nne.

Aprili 12

Kwenye mfereji wa maji palitengwa nafasi ya benchi. Wazo la wanaume. Akina mama walisema benchi litageuka steji ya bodaboda ndani ya wiki, na wao wanataka kitu kingine: pa kutulia mtungi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na kazi ngumu ni kuutoa chini hadi kichwani. Ukiwa juu tayari, unainama kidogo unaupokea. Wakapima wenyewe kwa matofali, kila mmoja akajaribu na mtungi uliojaa. Zimetoka ngazi mbili: moja usawa wa goti, ya kupumzishia na kwa watoto, nyingine usawa wa kifua cha mwanamke wa kimo cha kati, ya kujitwikia. Nimeona michoro mingi ya miji mizuri, yenye mabenchi na watu wanaosoma magazeti. Sijaona mchoro wenye pa kutua mtungi.

Kivuli pia. Kisumu jua halina mchezo, na foleni ya maji husimama hapo saa saba mchana. Tumepanda mwarobaini mmoja, mbali na ukuta wa mtaro, na mtu wa kuumwagilia ametajwa kwa jina mkutanoni. Mtini tulikataa, mizizi yake ingetubomolea kila kitu.

Aprili 26

Taa. Tuna mulika mwizi, taa ya mlingoti mrefu, huko juu, na tunashukuru. Lakini taa ya aina hiyo hutupa vivuli vizito nyuma ya kila nyumba, na kichochoro chenyewe ni nyuma ya nyumba. Ikizimika moja, mtaa mzima gizani. Tumeweka balbu sita za wati 9, urefu wa mita tatu, kwenye kuta za ploti, kila moja ikiangaza inapokomea mwenzake. Balbu moja ikiwaka saa 12 kila usiku inakula uniti tatu na kidogo kwa mwezi. Kila ploti inalipa kwa tokeni yake na kupunguziwa kwenye mchango. Imechukua mkutano mfupi kuliko yote.

Mei 10

Mvua kubwa zimepita nyingi sasa, na mita 80 za chini zinashika. Kabro zimezama kidogo mahali pamoja, juu ya mavuko ya bomba, ambapo maramu haikushindiliwa vizuri. Zimeinuliwa na kurudishwa kwa asubuhi moja.

Usafi ndio unaonitia wasiwasi. Zamu ya kila Jumamosi ilianza na watu wengi, sasa wanakuja walewale. Kuna pendekezo tuache zamu, tumlipe kijana mmoja kwa siku mbili za wiki kutoka kwa mchango, naye awe na ndoano za mifuniko, reki na ufunguo wa chujio. Wengine wanasema tukilipa mmoja, wote tutatupa taka kwa raha. Mimi niko upande wa kulipa. Kujitolea kunafaa kujenga, kwa kazi ya kila wiki kunachosha wenye moyo na kuwaacha wavivu. Tutapiga kura.

Mei 17

Kura: kulipa, kwa wingi mdogo. Ameanza leo.

Sasa mita 50 za juu, hadi Ring Road. Huko njia ni pana, lakini wenye ploti wawili wanaotazamana wote wanataka njia ipite upande wao na mtaro upande wa mwenzake. Kila mmoja ameshasema hawezi kuwa na mtaro mbele ya maduka yake. Fundi anashauri mtaro upite katikati, wote chini ya mifuniko, na uso uinamie kati kutoka pande mbili. Mifuniko itakuwa mingi zaidi na itabebwa na mikokoteni, kwa hiyo unene uongezwe hadi sentimita 10 na urefu upunguzwe, ibaki ya watu wawili kuinua.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tunafunga kamba tena, juu huku. Mwenye mkokoteni aje nao ukiwa na mzigo, si mtupu. Wenye ploti wote wawili wamealikwa, na mzee wa ojuok amesema atakuja kuwaeleza yeye mwenyewe.